Divai Iliyofunguliwa Jikoni

Médiatrice alijua mambo yameharibika kabla hajaambiwa na mtu, kwa maana aliisikia sauti. Haikuwa sauti ya chupa kufunguka. Ilikuwa chubwi, kama jiwe limetumbukia kisimani, nayo ilitoka jikoni, mlango umefungwa, na wageni wote wamekaa sebuleni.

Jumamosi hiyo watu wa kwao kijana Léonce walikuja kwenye fleti yake ya Umbilo, Durban, kumposa Ineza. Ineza ni mtoto wa kaka yake. Kaka huyo alimalizwa na pombe, na siku ya kumzika, Médiatrice alisimama kanisani mbele ya wote akaapa kwamba pombe haitagusa ulimi wake mpaka na yeye azikwe. Tangu hapo ni mlokole, anaimba kwaya pamoja na Ineza, kitambaa cha bluu cha kwaya begani kila Jumapili.

Lakini Mrundi hapokei wakwe kwa Fanta peke yake. Watamcheka mpaka wajukuu. Ndiyo maana patroni wake, mwenye mgahawa anakofanya kazi kule Point, mzee wa Kiitaliano, alipompa chupa ya divai nyekundu aliipokea kwa mikono miwili. Ndugu wa patroni huyo ndiye aliyeitengeneza, kwa mikono, huko kwao milimani. Patroni alimwonyesha na picha. Mlima umesimama kama ukuta, umekatwa matuta yaliyozuiwa kwa mawe, moja juu ya lingine hadi mawinguni, na watu wanashuka na zabibu vikapuni mgongoni kwa kuwa hakuna gari linaloweza kupanda huko. Médiatrice aliitazama picha ile akamwona baba yake na jembe lake, kule Muramvya, Burundi.

"Haichujwi," patroni alimwambia. "Usiitikise."

Sasa kwa Warundi kinywaji hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, na wa nyumbani ndiye anayeonja kwanza. Ni kumwambia mgeni: sikukuwekea kitu. Médiatrice alikuwa amepanga vizuri. Binamu yake Anatole, msemaji wa familia, angeifungua mezani na kuionja yeye. Hakupanga kwamba nyumba ya mlokole haina kifungulio cha divai. Wala hakupanga kwamba Spès, dada yake wa kwaya, angeona aibu kwa niaba yake, aichukue chupa kimyakimya na kukisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko.

Spès alitokea na sinia, jasho linamtiririka, anacheka. "Karibuni! Eish, hii chupa ilikuwa kichwa ngumu, lakini nimeishinda!"

Hakuna aliyecheka naye. Glasi ya kwanza ilipewa mzee Nzeyimana, baba mdogo wake Léonce, mlinzi wa ghala huko Mobeni. Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Vipande vya kizibo vilikuwa vinaelea. Chini mashapo meusi yalikuwa yanajikusanya polepole.

"Hii iko na nini ndani?"

"Ni kizibo, baba," Spès akasema. "Kiliangukia ndani."

"Kizibo kinaelea. Na hii nyeusi iliyolala chini?"

"Ni divai ya mkono, mzee," Médiatrice akasema. "Haichujwi. Patroni wangu alinieleza."

"Patroni wako iko hapa?"

"Hapana."

"Nani aliona ikifunguliwa?"

Feni ilizunguka. Chini barabarani taxi zilipiga honi. Kila mtu sebuleni alijua habari za kaka yake Nzeyimana, aliyekunywa pombe ya ndizi kwenye arusi katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akalala, asiamke. Hakuna aliyeshtakiwa. Lakini tangu hapo Nzeyimana hanywi kitu ambacho hakukiona kikifunguliwa, hata soda.

Anatole alinyoosha mkono. "Mzee, lete basi nionje mimi. Kiu imenikaba tangu asubuhi, nawe unaitazama kama unanunua ng'ombe!"

Nzeyimana alifunika glasi kwa kiganja. "Wewe ni mdomo wa nyumba tu. Kama ingefunguliwa hapa, ningekubali. Imefunguliwa jikoni. Nataka mwenye jiko."

"Baba," Léonce akasema kwa sauti ya chini, "huyu mama ni mlokole. Hanywi."

"Simlazimishi. Mimi nitavaa koti langu, niende zangu."

Na kweli akalivuta koti. Wenzake wawili wakaanza kuinuka. Médiatrice aliona yote yatakayofuata: wakitoka mlango ule, posa imekufa, na kabla jua halijazama maneno yatakuwa yamefika Point na Mobeni, kwamba nyumba ya Ineza ina sumu. Nani atakuja tena kumposa?

Pazia la chumbani likafunuka. Ineza, aliyetakiwa kujificha mpaka aitwe, alisimama pale na nguo yake mpya, macho mekundu. "Shangazi, usinywe. Wacha waende."

"Rudi ndani."

"Shangazi, uliapa!"

"Niliapa. Rudi ndani, mama."

Médiatrice aliitoa glasi chini ya kiganja cha Nzeyimana. Alimtazama mzee machoni akanywa, si kuonja, akanywa na vipande vya kizibo na vumbi la chini, mpaka glasi ikabaki na doa tu. Ilikuwa kali, ikamkausha ulimi. Halafu ikaja ladha ya jiwe lililonyeshewa mvua, na hiyo aliijua tangu utoto.

Nzeyimana hakukaa. Alisimama, koti mkononi, anamtazama paji la uso, midomo, vidole. Jasho lilimtoka Médiatrice. Joto la Durban, au aibu, hakujua.

Mwishowe mzee akatundika koti kwenye kiti. "Nimiminie," akasema. Akanywa, akakunja uso wote. "Lo! Hao watu wa milimani hawana sukari?"

Kicheko kilichotoka kiliwashtua hata wenyewe waliocheka. Spès alikuwa analia. Anatole akaanza maneno ya posa, na Ineza akaitwa.

Jumapili Médiatrice alifika kanisani mapema, akamweleza mchungaji Gosbert yote. Mchungaji alishusha pumzi, akasema, "Utakaa nje ya kwaya, dada, mpaka wazee waamue." Mlangoni alimkuta Spès, akampa kile kitambaa chake cha bluu, kimekunjwa.

"Lakini ni mimi niliyekisukuma kizibo," Spès akasema.

"Wewe ulisukuma. Mimi nilikunywa."

Akaenda kukaa benchi la nyuma. Kwaya iliposimama, Ineza, ambaye sasa ni mchumba wa mtu, hakusimama nayo. Alishuka na kitambaa chake mkononi, akaketi pembeni ya shangazi yake.