Lori la Baba Lilikataliwa kwa Usafi

Baba yangu ni fundi, na mafundi wana kiburi chao. Mnyime chakula atakusamehe, lakini usimwambie kwamba injini yake inakohoa. Na lori letu lilikuwa linakohoa kila asubuhi mbele ya mtaa mzima, likitoa moshi mweusi uliopita juu ya ukuta hadi kwa majirani. Yeye akiulizwa, alijibu neno moja tu: mazutu. Ndivyo tunavyoita dizeli huku Lubumbashi. Mazutu ya siku hizi ni mabaya, wanayachanganya, hayafanani na ya zamani. Sijui kitu kingine kilichosingiziwa kama mazutu nyumbani kwetu.

Aliyeumia ni mama. Yeye ndiye anayefua vitambaa vya altare na kanzu za mapadre wa parokia yetu, kazi aliyoipokea kwa mama yake, bibi yangu aliyeolewa na mtu wa reli. Kila Jumamosi asubuhi anafua, anatia wanga, anaanika kwenye kamba iliyofungwa kati ya mpapai na nguzo ya jiko. Hatua chache kutoka hapo ndipo lori lilipolala. Baba akirudi kutoka Pweto na samaki wakavu, au Mitwaba na mahindi, alikaa nyumbani siku mbili tatu, na hata siku ambayo hakuwa na safari aliwasha injini asubuhi, ati isisahau kazi. Wingu lilipanda, upepo wa kiangazi ukalisukuma, na madoadoa meusi yakatua juu ya nguo za ibada.

Mama hakuwahi kupiga kelele. Alianua nguo zote akazirudisha kwenye beseni. Baba alizima injini, akashuka, akasema mazutu, kisha akachukua ndoo mbili kwenda kuchota maji. Wakafua upya wakiwa wawili. Kitambaa kikubwa cha altare kinataka watu wawili kukikamua, mmoja huku na mwingine kule, mkizungusha kila mtu upande wake, na hapo ndipo baba alipotoa habari zote za safari: daraja lililovunjika, dereva aliyelala njiani wiki nzima, nani kamwoa nani huko Pweto. Sisi watoto tulijua kwamba wakati ule hakuna wa kuitwa mama wala baba. Tulijipikia.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na jambo hili lilinikera tangu utoto. Lupango yetu, ndiyo kiwanja cha nyumba, ni pana. Upande wa pili wa kiwanja, penye mparachichi, moshi haufiki. Nilimuuliza mama zaidi ya mara moja kwa nini hahamishi kamba. Alisema kule hakuna jua. Jua lilikuwapo, la kutosha kuchoma kisogo, lakini ukishajibiwa na mama yangu umejibiwa.

Kiangazi kilichopita ukaja ule mpango wa serikali. Ulitangazwa redioni, ukasomwa na kanisani baada ya misa: mwenye lori au basi la zamani la mazutu alilete, liharibiwe kabisa lisirudi tena barabarani, naye apewe ruzuku ya kununua lingine lisilo na moshi. Mjini watu waliupa jina lao la nusu Kifaransa, prime ya moshi, yaani ruzuku ya moshi. Lakini tangazo lilikuwa na mwiba. Mvua zikianza, lori lenye moshi halitaruhusiwa tena kuingia mjini na mzigo. Baba amepita miaka sitini. Samaki wa Pweto hauzwi porini, na lori lingine asingelinunua kwa nguvu zake hata angezaliwa mara ya pili. Bila ruzuku ile, kazi yake ilikuwa imekwisha.

Kwa kuwa ni mwalimu wa shule, kujaza fomu kuliniangukia mimi. Kulikuwa na swali: je, gari linatoa moshi mweusi? Baba alisema andika kidogo. Niliandika sana, na sikumwambia. Kisha nikamsomea sharti, kwa sauti, kwamba gari lifike kwenye ukaguzi likijiendesha lenyewe, katika hali yake ya kila siku. Aliitikia kwa kichwa. Nilidhani amelielewa kama nilivyolielewa mimi.

Lakini kwetu hakuna anayekwenda kwenye ofisi ya serikali katika hali yake ya kila siku. Nilipoitwa kuulizwa maswali ya kazi, mama aliniazimia koti kwa mwanakwaya mwenzake. Baba mwenyewe alifunga ndoa na viatu vya rafiki yake, vikubwa, vimejazwa karatasi mbele. Unaazima, unakwenda, unarudisha na asante. Hakuna anayekucheka kwa hilo, ni heshima.

Basi siku mbili kabla ya ukaguzi nilimkuta ameinama ndani ya injini, anafunga injekteri sita ambazo hazikuwa zake. Injekteri ndizo zinazonyunyiza mazutu ndani ya injini. Zikiwa nzima, mazutu yanaungua yote, zikichoka, yanatoka kwa nyuma yakiwa moshi. Hizi ziling'aa. Alikuwa ameziazima kwa rafiki yake, yuleyule wa viatu, mwenye lori la aina moja na letu lililokuwa limesimama likingoja matairi. Za kwetu alizitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga na kuuficha chini ya kiti, ili akitoka kwenye ukaguzi apitie kwa rafiki yake azibadilishe.

Alinishika mkono akasema nisimwambie mama. Nilitaka kumkumbusha lile sharti, hali ya kila siku. Lakini alikuwa anaimba. Alikuwa amelisugua lori hadi chini ya tumbo na kuzipaka rimu rangi nyeupe, mzee mzima, ana rangi hadi kwenye nyusi. Nikanyamaza, na kosa hilo ni langu.

Siku yenyewe mama alisema atakuja kuliaga lori. Akabeba bukari, ndio ugali wetu, na bitoyo, wale samaki wa chumvi, kwenye sahani iliyofungwa kitambaa, akapanda mbele kwa kitenge chake cha sikukuu. Baba alivaa koti la misiba na shati jeupe. Uwanjani magari yalikuwa yamepanga foleni, na nusu ya wale madereva ni wateja wake, watu wanaomletea injini zao zikishindikana. Walimsalimu kwa shangwe, naye akawajibu kwa kiganja kama askofu.

Mkaguzi alikuwa dada mmoja, umri wa wadogo zangu. Aliingiza bomba la kipimo kwenye ekzosi, akamwomba baba akanyage mafuta mara tatu. Lori likanguruma vizuri ajabu. Nyuma kukatoka moshi mwembamba wa kijivu, wa sigara moja tu. Dada akatazama mashine yake, akaomba arudie. Akarudia.

"Papa," alisema, "hii kamyo iko muzima. Haiwezi kuingia mu programu."

Baba akatabasamu. Hilo sitalisahau. Aliwageukia wale madereva kuhakikisha wamesikia, na wawili wakapiga makofi. Ilimchukua muda kutambua kwamba amekataliwa.

Mimi nilianza vita palepale. Nilisema lori hili linaupaka mtaa mzima masizi, niulizwe mimi niliyekua nalo. Dada alinisikiliza kwa adabu, akanionyesha mashine. Ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya orodha yetu, na faili likikataliwa halifunguliwi tena. Nikamtazama baba kwa macho ya kumsukuma. Nilijua kinachomkwamisha. Akisema kweli, foleni nzima ingejua kwamba fundi wao amekuwa na injini mbovu miaka na miaka akisingizia mafuta, na mama angejua pia. Akinyamaza, angerudi nyumbani na lori zima la mchana mmoja, na mvua zikija angekaa kitako.

Alimtazama mama, aliyekuwa ameketi mbele ya lori na sahani yake magotini. Halafu akafungua mlango, akainama, akatoa ule mkebe wa maziwa.

"Madamu," alimwambia yule dada, "izi injekteri ziko za kuomba. Nilitaka ifike hapa na heshima. Za kamyo yangu ni izi. Unipatie saa moja tu."

Yule dada hakuelewa. Aliuliza mtu atatengenezaje gari analolileta kuuawa. Nilijibu mimi: nilisema baba ameliazimia koti. Alilitazama koti la baba, kisha lori lililofuata kwenye foleni, ambalo lilikuwa limepakwa rangi mpya hadi kwenye matairi na kufungwa utepe wa harusi kwenye kioo. Midomo yake ikacheza. Akasoma karatasi yake, akasema kweli, sharti ni hali ya kila siku, na hali hii si ya kila siku. Akatoa saa moja, yeye apime wengine.

Baba alivua koti. Mama alishuka akalipokea, bila kuambiwa. Baba akakunja mikono ya shati jeupe akaingia kazini. Dereva mmoja alijitolea kusaidia, baba akakataa. Aliyemsaidia ni mama: kila injekteri nzuri iliyotoka aliifunga kwenye kitambaa na kuilaza kando, kila mbovu aliitoa mkebeni akampa. Ncha zake zilikuwa nyeusi kama chungu cha maharagwe. Mama aliziangalia moja moja. Nilisimama pale nikiwatazama, vichwa viwili vya mvi juu ya injini moja, na hasira yangu yote ikaisha.

Baba alipomaliza alitoa hewa kwenye mabomba ya mafuta, akapanda, akawasha. Lo, lori likakohoa. Wingu likapanda, jeusi, nene, watu wakarudi nyuma wakicheka na kuziba pua. Dada akajifunika leso, akasoma mashine huku machozi yakimtoka, akaandika. Tukapita.

Dereva mmoja akamtania baba kutoka kwenye foleni, kwamba leo tena mzee amepata mazutu mabaya. Baba alikuwa anafuta mikono.

"Hapana," alisema. "Haiko mazutu. Ni injekteri. Zilikufa tangu zamani."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini wote walisikia. Nilingoja wacheke. Mtu mmoja wa nyuma akasema hata zake vilevile, na wa pili akakiri pia, na muda si mrefu foleni nzima ilikuwa inaulizana habari za injekteri.

Mchana huohuo walikuja watu wa mashine ya kutobolea. Baba aliomba alizime mwenyewe. Alilizima, akakaa kidogo na mkono juu ya usukani, akashuka, na chuma kikaingia ubavuni mwa injini. Mimi niliyelichukia lori lile maisha yangu yote nililia, na sioni aibu.

Tulirudi kwa teksi, mimi mbele, wao nyuma. Injekteri za rafiki zilikuwa mkebeni, mkebe magotini mwa baba. Mama alikuwa amelikumbatia koti. Tulikuwa tumekaribia nyumbani baba alipofungua mdomo.

"Mama, zile nguo za altare. Miaka yote ile. Nilikuwa najua haiko mazutu."

Mama alikuwa anatazama nje. "Na miye nilikuwa najua."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

Nilimsikia mama akilikunja koti vizuri.

"Ile kamba, ni nani alifungaka pale?" alisema. "Ni miye. Ulikuwa mu njia kila siku. Ukirudia, ni kulala na kuamukia ku injini. Lakini siku nguo ilichafuka, ulikuwa unabakia. Tunakamula, unanielezea."

Baba aliushusha mkebe sakafuni. Nilikaza macho barabarani, maana kuna mambo ya wazazi ambayo mtoto hatakiwi kuyatazama hata akiwa na mvi zake.

Lori jipya lilifika kabla ya mvua. Si jipya hasa, lina mikono iliyolitangulia, lakini linawaka bila kelele na nyuma halitoi kitu. Jumamosi ya kwanza nilikuwa nyumbani kwao. Kamba ilikuwa palepale, kati ya mpapai na nguzo ya jiko, nguo zimejaa. Baba aliwasha injini, akaiacha ichemke, akaenda kuzitazama nguo moja moja. Hapakuwa na doa. Akazima, akabaki amesimama katikati ya kiwanja chake mwenyewe, mikono imening'inia, kama mgeni asiyejua pa kukaa.

Mama alikuwa bado kwenye beseni. Akainua kile kitambaa kikubwa cha altare, kinatiririka maji, akashika ncha moja, na ile nyingine akainyoosha mbele bila kugeuka. Baba akaenda akaishika. Nikachukua ndoo mbili nikaenda kuchota maji, nikakawia makusudi.