Mkao Nilioukimbia

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilianza kama siku nyingine yoyote, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo inavyonisogelea. Nilikuwa msichana wa kazi mjini Moshi, kwa mjane mmoja wa Kihindi tuliyemwita Mama Hansa. Mumewe aliuza vitambaa enzi za uhai wake, akamwachia nyumba yenye baraza la nyuma linaloutazama mlima. Kila alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima, Mama Hansa alitandika mkeka barazani akafanya yoga. Mimi nilifagia huku nikimtazama kwa jicho la pembeni, nikiwaza kwamba mtu mzima kuinama namna ile bila jembe mkononi ni kupoteza nguvu bure. Hatimaye akaniambia niweke ufagio chini nitandike kanga yangu kando yake. Nilianza kwa amri ya bosi, sitaki kukudanganya kwamba nilivutwa na hekima.

Mwili ulinikubali. Nilitoka Mwika, nimekua nikipandisha kilima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kwa hiyo mgongo ulikuwa imara na miguu myepesi. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikuwa mbichi kweli. Haikupita muda nikawa nafanya mikao ambayo Mama Hansa mwenyewe alishaiaga kwa ajili ya magoti yake.

Lakini yoga ile ilikuwa na mkao wa mwisho. Baada ya kujikunja na kujinyoosha kote, Mama Hansa alilala chali, miguu ameiachanisha, viganja vinatazama juu, macho amefumba, akabaki vile kimya kwa muda mrefu. Aliuita mkao wa maiti. Alilitaja jina hilo kama mtu anayetaja sukari.

Mimi sikuutaka. Nyumbani kwetu mtoto akilala chali mikono wazi, mama alimpiga kofi la paja na kumwambia ageukie ubavu, asijiitie kitu. Kitu gani, hakusema, wala hatukuthubutu kuuliza. Halafu baba alipofariki, kabla hajazikwa kihambani, katika shamba letu la ukoo, kati ya migomba, nilichungulia mlangoni nikamwona amelazwa kitandani hivyohivyo. Basi kila Mama Hansa alipofika kwenye kulala, mimi niliinuka polepole nikaenda jikoni kubandika chai. Nilijionyesha mfanyakazi mwenye bidii, na kwa kweli hakuna mwajiri anayemgombeza mtu kwa bidii.

Siku hiyo ninayoikumbuka, alinigombeza. Alinishika kifundo cha mguu nikiwa ndiyo naondoka, macho yake yangali yamefumbwa.

"Unakwenda wapi, binti?"

"Chai, mama. Maji yatakauka."

"Hujayabandika bado," akasema. "Yote unafanya, hili moja unalikimbia. Kuinama unajua. Kusimama kwa mguu mmoja unajua. Kuachia hujui. Itakuja siku utatakiwa uachie, na jiko la kukimbilia halitakuwapo."

Nikamwambia kwetu hatulali hivyo. Hakunicheka. Alisema hata kwao watu wanaogopa, ndiyo maana wanajifunza wakiwa bado na afya zao, taratibu, kama mtoto anavyozoeshwa kulala peke yake. Kisha akauachia mguu wangu. Nikaenda kubandika chai. Asiyesikia la mkuu, mwanangu, methali yake unaijua inavyomalizika.

Mama Hansa alikuja kuhamia kwa wanawe ng'ambo, akaniachia mkeka wake, na sikumwona tena. Mimi nikapata kibarua cha kufundisha yoga kwenye hoteli ya wageni wanaojiandaa kupanda mlima. Wageni mkao wa mwisho walikuwa wanaujua, walilala wenyewe bila kuambiwa. Nami nilijipa kazi ya kupita katikati yao nikiwafunika blanketi, nikikusanya chupa za maji, nikifunga madirisha. Walisema mwalimu huyu ana upendo. Sikuwakatalia.

Nilipoolewa nikarudi Mwika, nikaanza darasa la kina mama Jumamosi mchana katika chumba cha chekechea. Tuliliita mazoezi ya mgongo, maana hilo kila mwanamke wa mlimani analielewa. Walikuja na mikeka, na kanga, wengine na magunia. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata kuuliza kama ninaingiza miungu ya kigeni usharikani. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, karibu uiname uwatafute hao miungu. Akainama, mwanangu, na kunyanyuka ikawa shida, tukamsaidia wanawake wawili. Tangu hapo alinisalimia kwa adabu, na mkewe akawa hakosi darasani.

Miaka yote hiyo darasa langu halikuwa na mkao wa mwisho. Tulipokwisha kujinyoosha nilipiga makofi nikasema, "Haya kina mama, inukeni, ng'ombe wanalia." Walicheka, wakakung'uta kanga, wakaondoka. Wengi wao nao wamelelewa na mama kama wangu, hakuna aliyelalamika.

Isipokuwa Ndeshi. Huyu alikuwa jirani yangu, kihamba chake na changu vinatenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea yetu ya mpakani, na kicheko chake kikianza kwake kilimalizikia jikoni kwangu. Siku moja akaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, mbona unatupunja? Nimeona kwenye simu ya mkwe wangu, wenzetu mwisho wanalala."

Nikamjibu, "Utalala kaburini."

Chumba kizima kikaangua kicheko, yeye wa kwanza. Nilijiona nimejibu vizuri.

Sasa nikueleze habari za kushuka. Wanaume wa huku waliofanya kazi mlimani watakuambia kwamba mgeni hupanda kwa tahadhari, akifika juu akapiga picha anadhani kazi imekwisha, na magoti huharibika wakati wa kurudi. Mpanda ngazi hushuka. Mume wangu alitangulia. Watoto wakaenda Dar, wakawa wanakuja Krismasi na kuondoka kabla matope hayajakauka kwenye viatu vyao. Wasichana waliokuwa darasani wakafuata biashara mpakani Holili na mjini, wazee wenzangu wakashindwa na magoti, na mimi nyonga yangu ikaanza kukataa. Kuna Jumamosi nilifungua chumba cha chekechea nikakaa kwenye kile kiti kidogo cha mtoto mpaka jioni, hakuja mtu. Nikafunga. Sikulia siku hiyo, lakini nilijua kwamba kitu nilichokuwa nacho kimeniacha, na sikuwa na kingine.

Halafu Ndeshi akaugua tumbo. Alipimwa, akalazwa, akapimwa tena, mwishowe wakasema arudishwe nyumbani. Mtu wa mlimani akisikia neno hilo hahitaji kuelezwa. Nilikwenda kwake kila siku kumlisha mtori wa ndizi kwa kijiko cha chai, vijiko viwili vitatu, kisha anageuza uso ukutani. Kicheko kilikuwa kimekwisha, lakini ulimi ulikuwa bado mzima.

Siku ya soko mkwe wake alishuka kununua mahitaji, akaniomba nibaki na mgonjwa. Ndeshi alikuwa ametulia. Akanitazama sana, kisha akasema, "Mwalimu, leo nifundishe ule wa mwisho."

"Upi huo?"

"Ule uliosema nitaulala kaburini." Akatabasamu kidogo. "Nimekaribia. Sitaki kufika sijui."

Mwanangu, nimefundisha watu mpaka nywele zimeota mvi, na sikuwahi kuulizwa kitu cha maana kuliko hicho. Nikafanya nilichokiona kwa macho: nikamlaza chali, nikamwachanisha miguu, nikageuza viganja vyake vitazame juu. Vikageuka tena vikashika blanketi. Nilijaribu kukumbuka Mama Hansa alikuwa anasema maneno gani pale barazani, maana alikuwa anasema, kwa sauti ya chini, kila siku. Lakini mimi nilikuwa jikoni. Nilichokumbuka ni sauti ya maji yakichemka.

"Pumua," nikamwambia. "Achia mikono."

"Nikishaachia, nishike nini?"

"Hushiki kitu."

Akafikiri. "Basi kaa hapa," akasema. "Nikijua upo, nitaachia."

Nikakaa kitandani pembeni yake. Alifumba macho. Mkono mmoja ukalegea, ukafunguka, kiganja kikatazama juu chenyewe. Pumzi zake zikawa ndefu, na kati ya moja na nyingine kukawa na kimya, na kile kimya kikaniingia mwilini. Nilimwona baba. Niliogopa, mwanangu, niliogopa kama mtoto, mtu mzima wa umri wangu. Na hapo ng'ombe wake akalia bandani.

"Ng'ombe analia," nikasema. "Ngoja nikamtupie majani, narudi sasa hivi."

Ndeshi alifumbua macho. "Mwache alie kidogo," akasema.

Nikainuka nikaenda. Ng'ombe alikuwa na majani tele. Nikachukua panga nikakata shina la mgomba vipande vidogo kuliko anavyohitaji ng'ombe yeyote, nikafagia banda, nikajaza maji kwenye ndoo iliyokuwa imejaa. Niliporudi ndani alikuwa amekwisha kwenda. Mkono mmoja ulikuwa wazi. Wa pili ulikuwa umekamata ukingo wa blanketi, ikabidi mkwe wake aliporudi aufungue kidole kimoja kimoja.

Tulimzika kihambani kwake. Mkwe wake alisimama mbele za watu akanishukuru kwamba mama hakuondoka peke yake, alikuwa na mwalimu wake. Watu wakaitikia. Na mimi nikainamisha kichwa, nikapokea shukrani ambayo haikuwa yangu, maana kuikataa kungemwongezea binti yule msiba juu ya msiba.

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, na akilipokea, yamekwisha, hata liwe kosa kubwa namna gani. Mimi nimpelekee nani? Pale kaburini masale yamepandwa, yamestawi. Napita kila siku. Ni yake, sina langu la kumpa.

Watu hudhani uzee huleta utulivu. Hauleti. Unaleta nafasi tu, na nafasi hiyo unaijaza na ulichokuwa nacho, kama ni amani, kama ni woga. Kila asubuhi natandika mkeka wa Mama Hansa kwenye sakafu, nashuka kwa kushikilia kiti, nalala chali. Nafungua viganja. Kinakuja kile kimya, na kabla hakijafika namsikia mama yangu, nahisi kofi kwenye paja, nageukia ubavu. Sijaweza hata mara moja. Sijui kama nitaweza. Mwili huu uliokuwa unajikunja kama jani la mgomba sasa umekauka, na samaki mkavu hakunjiki, anavunjika.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe uliye bado mbichi. Sikuambii ufanye yoga, fanya upendalo. Nakuambia kwamba kila kazi ina mkao wake wa mwisho, na huo nao ni sehemu ya kazi. Ualimu una siku ya kukabidhi darasa. Uzazi una siku ya kuwaaga watoto stendi. Ujana wenyewe una siku ya kushuka. Hakuna marefu yasiyo na ncha, na ncha hiyo ukiikimbia leo utaikuta kesho huna nguvu ya kuikabili. Jizoeze kuachia vitu vidogo ukiwa na afya: neno la mwisho kwenye ugomvi, kiti cha mbele, siku yenyewe inapokwisha bila kazi yako kwisha. Jizoeze kukaa mahali palipo kimya bila kutafuta cha kushika. Ukiwa mwalimu, usiwanyime wanafunzi wako somo kwa sababu wewe unaliogopa. Waambie unaliogopa, mjifunze pamoja. Na mtu akikuomba ukae, kaa. Hata kama huna la kumwambia. Ndeshi hakuniomba maneno.

Mungu wa mlima na tambarare akupe miguu ya kupandia, na akupe magoti ya kushukia. Mikono yako isikose kazi, na kazi ikiisha isikose kufunguka. Upate jirani mwenye kicheko cha kuvuka masale, na siku yake ikifika, Mungu akupe moyo ambao mimi sikuupata. Na yangu ikifika, mwanangu, ukiwa karibu, vuta kiti ukae. Ng'ombe akilia, mwache alie.