Marehemu Aliyecheka Ipuli

Jumamosi alasiri nilikuwa hapa Ipuli kutazama mchezo wa kale wa kuchekesha kutoka Ulaya. Vijana wa Dar es Salaam wameutia Kiswahili na kuuhamishia kijiji cha ujamaa. Mzee mmoja anajifanya mgonjwa kila kengele ya shamba inapolia, na mwishowe anajifanya amekufa, ili ajue nani atamlilia.

Kabla ya kuanza, kiongozi wao alitutajia kila mchezaji na kabila lake. Huyo mgonjwa, alisema, ni Mzaramo.

Basi alipolazwa jukwaani na kufunikwa shuka, mama mmoja Mnyamwezi alivua kandambili zake, akapanda, akajilaza kando ya maiti.

"Sogea, mtani! Jembe umelikimbia, na kaburi nalo unalitaka peke yako?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Shuka ikaanza kutikisika. Marehemu naye anacheka! Kiongozi akatoka mbio nyuma ya pazia, karatasi mkononi.

"Mama, tafadhali, wewe humo kwenye mchezo."

Mama hakuinuka. "Mwanangu, afe Mzaramo, mimi mtani wake nikose msibani? Babu zangu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka kwao pwani, na utani huu wakarudi nao. Ni nyinyi mliosahau kuniandika."

Kijana akazitazama karatasi zake, akazikunja, akazitia mfukoni. "Haya, Mama. Endelea."

Nimewahi kuambiwa kwamba sisi wa bara hatujui kutazama tamthilia. Ni kweli. Hatujui kukaa kimya mtani wetu anapokufa.