Aliyeitikia Litania

Mtaani kwao, pale mjini Tlaxcala, matanga hayaanzi mpaka Bi Eduviges, Doña kama wanavyomwita huko, afike. Yeye ndiye huongoza rozari siku zote tisa, na sala zimemkaa kinywani kiasi kwamba huzisema hata akikanda unga wa mahindi.

Jumamosi ile alikuwa ukumbini chuoni, safu ya pili, yeye na jirani yake Refugio. Mwanawe Anselmo alikuwa anaigiza. Alimwambia wazi mapema: "Mama, ni habari za vijana wawili wa kiume waliopendana. Njoo. Ila ukinyanyuka katikati, nitaelewa, na lile nililotaka kukwambia nitabaki nalo."

Lile Eduviges alishalijua zamani. Asichojua ni kama moyo wake ungekubali kukaa kitini.

"Wakibusiana tu, mimi natoka," Refugio alinong'ona.

"Toka. Niachie karanga."

Wakabusiana jukwaani. Refugio akajikuna shingo, hakutoka. Kisha mmoja akapigwa na watu mpaka akafa, kosa lake kupenda alivyopenda, na nyumbani kwao hakuna aliyekubali kumsalia. Anselmo, aliyeigiza mpenzi wake, akabaki peke yake mbele ya jeneza, akaanza litania, sala ambayo mmoja huita na wengine huitikia.

"Nyota ya asubuhi."

Kimya.

"Afya ya wagonjwa."

Kimya. Ndivyo mwalimu wao wa maigizo alivyopanga, kila wito ukose wa kuuitikia, watazamaji waone haya.

Lakini Eduviges tangu azaliwe hajawahi kuiacha litania ikining'inia. "Makimbilio ya wakosefu," alisema mwanawe, na mama mtu, bila kujijua, akatoa ile sauti yake ya matangani: "Umwombee!"

Vichwa vikageuka. "We mwanamke, huu ni mchezo!" Refugio akamfinya.

Jukwaani Anselmo alikwama. Eduviges akainuka. Kijana alipomwona anainuka, akafumba macho.

Mama akapiga magoti palepale, kati ya viti.

"Endelea, baba," akamwambia.

"Mfariji wa wenye uchungu," Anselmo akasema.

"Umwombee," akaitikia, na safari hii Refugio naye akaitikia, na akina mama wa nyuma, mpaka ukumbi mzima ukawa msiba.

Mapazia yalipofungwa mwalimu akamjia. "Doña, umekiharibu kimya changu!"

"Nisamehe, mwalimu. Marehemu alikuwa anaachwa hivihivi."

Mwalimu akajifuta macho. "Basi kesho uje tena."

Nje Anselmo alimshika mkono. "Mama, mimi..."

"Najua, baba. Anaitwa nani?"

"Leobardo. Mtoto wa fundi matofali."

"Yule mwembamba? Kwani hali chakula?"

Anselmo akacheka huku machozi yanamtoka, akamkumbatia mpaka mtandio ukamwanguka.

Njia nzima Eduviges alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Alimshukuru kwa mtoto, alimshukuru kwa yule mwembamba, lakini zaidi alimshukuru kwa kumfungua mdomo kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Maana angefikiri, pengine angenyamaza.