Linna Si Lina

Mwaka 1950, nikiwa na miaka kumi na sita, baba alifariki kule Wanging'ombe. Baba zangu wadogo wakagawana shamba kana kwamba na mimi nimezikwa naye. Shule nilikuwa nimeishia darasa la pili. Nikapanda kwa miguu mpaka Njombe, nikapata kazi ya kuchimba mashimo ya kupandia miche ya miwati, ile miti ya magome.

Pale kwenye shamba la miwati, nje ya mji, palikuwa na fundi seremala, Mzungu lakini si Mwingereza. Kwao ni nchi inaitwa Estonia, alikimbia vita yeye na mama yake. Siku moja nilipita karakana yake nikaona mlango unazaliwa mikononi mwake bila msumari hata mmoja. Nilisimama nikasahau jembe. Hapo ndipo nilipojua ninachotaka duniani.

Nikamwendea. "Bwana fundi, nifundishe."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, ila kilieleweka. "Mama yangu haoni. Anajua lugha ya kwetu tu. Wasaidizi wote wamekimbia. Kaa naye, msikilizane. Mvua zikianza, mama akisema unafaa, utaingia karakana. Akikataa, mashimo yanakungoja."

Asubuhi ya kwanza bibi yuko kitandani, akaniamuru, "Lina!"

Nikafurahi. Mtu wa kwetu nani asiyejua kulina? Nyuma ya nyumba mzinga ulikuwepo. Nikawasha majani ya moshi, nikalina asali mchana kweupe, nyuki wakanifanya walivyotaka. Nikarudi uso umevimba, nikamwekea bibi sega mkononi. Akalipapasa, akalamba kidole, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Mwanawe aliporudi akaniambia, "Lina ni shuka! Alitaka umbadilishie shuka!"

Wachimba mashimo wakapata la kusema. Kila nikipita, salamu ni hii: "Kamwene, Mlina Asali! Leo bibi kakuagiza nini, nyigu?"

Mwingine anadakia: "Mwache, ndugu yangu. Huyo anasomea Kizungu cha nyuki."

Waliokuwa wakicheka walikuwa ndani ya mashimo, na mimi nilikuwa natafuta njia ya kutoka.

Lakini lugha ile, jamani! Kwao kana ni kuku. Kanna, ukiikalia ile n, ni beba. Bibi akaniambia nibebe ndoo, mimi nikamkimbiza kuku uani mpaka nikamkamata. Lina ni shuka. Linna, n ikikaa, ni ya mjini. Na ukiibana hiyo hiyo n zaidi, linna inakuwa kwenda mjini. Neno lile lile, anayeshikilia kidogo anasema jambo lake na anayeshikilia sana anasema jingine. Nikimwomba ruhusa ya kwenda mjini, bibi ananipapasia shuka.

Kumwonyesha kwa mkono nisingeweza, kwa sababu haoni. Ilikuwa ulimi au basi.

Sijawahi kuona mwalimu kama yule. Alikuwa akifuma sweta, anaweka sindano chini, anashika kiganja changu, anabonyeza kwa kidole gumba. Mguso mwepesi: lina. Anabonyeza, anakaa: linna. Anabonyeza, anakaa, anakandamiza mpaka mfupa unasikia: linna ya kwenda mjini. Nikikosea, "Ei!", yaani hapana, na kofi la kiganja juu yake. Hakuniambia nimejitahidi hata siku moja. Nimefundishwa na watu wenye macho mazuri ambao hawakuniona. Huyu asiyeona alijua ulimi wangu umelala wapi kinywani.

Kilichonifungua kilikuwa viazi. Nilikuwa nachagua viazi vya kupika, nahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Nikairudia ile ya mwisho. Nne! Nani anasema "ne"? Hata mtoto anaikalia ile n. Kumbe kitu hiki ninacho tangu utoto, sikujua tu kwamba ni mali. Nikasema polepole, "Linna." Sindano zikasimama. Bibi akanigeuzia uso. "Jah," akasema. Ndiyo.

Ile ya tatu nilikuja kuipata kwa kutazama jiliwa ya mwanawe, kile chombo cha kubania mbao. Mbao ikishabanwa, unaongeza mzunguko mmoja. Basi, n nayo hivyo hivyo.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja fundi alikuwa anaondoka kwenda Makambako kupokea mbao. Bibi akamzuia mlangoni awe shahidi, akanikabidhi shuka jeupe alilolidarizi kwa vidole tu, maua pembeni mote. Sote tulijua mke wa mchungaji pale Njombe amejifungua. Bibi akasema mara moja, haraka, kama anayenitega: "Kanna lina linna."

Beba shuka, peleka mjini. Nilikwenda na mvua, shuka nimelifunga ndani ya ngozi ya mbuzi, likafika kavu.

Jioni niliwakuta wote wawili mezani. Bibi akauliza kwa lugha yake nimefanya nini. Nikabana pa kubana, nikaachia pa kuachia: "Kandsin lina linna." Nilibeba shuka, nikalipeleka mjini.

Bibi akamwambia mwanawe maneno marefu. Fundi akacheka.

"Anasema ulimi wako bado una matope ya mashimo, lakini n zako zimenyooka. Kesho njoo karakana. Randa utaanza kunoa wewe."

Wale wenzangu waliendelea kuniita Mlina Asali hata nilipokuwa nawatengenezea vitanda vya harusi zao. Sikukasirika. Nilikuwa nimekwisha kuwa fundi, na wao walikuwa wateja.

Cheti cha shule sina mpaka leo. Nilicho nacho ni hiki: karakana Makambako, karibu na njia panda, mabenchi mawili ya kazi na jiliwa zake, randa, misumeno na patasi, zote kali, nyumba ya matofali ya kuchoma, milango na madirisha nimetengeneza mwenyewe, kiwanja mtaa wa Ramadhani pale Njombe, shamba la mahindi na viazi Wanging'ombe, nililolinunua, si la kurithi, na ng'ombe wa maziwa wanne.