Foronya za Ottilie

Bi Adelheid Tewes, mke wa karani wa posta, alikuwa na jiko safi kuliko yote mtaani, ukilitazama kutoka mlangoni. Ukutani lilining'inia taulo la maonyesho, kitani cheupe chenye bata wawili na maneno "Asubuhi Njema," vyote vimetariziwa kwa uzi mwekundu. Nyuma yake yalijificha matambara ya vyombo, yananuka kama soksi za karani mwenyewe. Lakini nani angefunua? Taulo la namna hiyo haligusiki.

"Ottilie wangu ndiye katarizi yote haya," alijigamba kwa majirani. "Macho yamemwuma, maskini!"

Ottilie! Binti ambaye kutunga uzi sindanoni kulimchukua robo saa na machozi. Kazi yote aliifanya Lisbeth Kruse, mjane wa ng'ambo ya uchochoro, aliyeingia kwa mlango wa nyuma na kutokea huko huko. Lisbeth alishona kwa mkono wa kushoto, na Bi Adelheid hakuchoka kumsimanga: "Shetani naye kapata fundi wake!" Miaka sita alimcheka hivyo, huku akimletea foronya mpya.

Sasa Ottilie alikuwa ameposwa na kijana wa kinu cha unga. Lilibaki jambo moja tu: mama wa kijana aje alikague kabati la vitambaa vya bibi harusi. Binti asiyetarizi vyake mwenyewe hakupokelewa kinuni, na hilo kila mtu alilijua.

Bi Brinkmöller, mama wa kijana, alikuja Jumapili, akala vipande vitatu vya keki ya plamu bila kusifu hata kimoja, kisha akasema, "Haya, fungua."

Kabati likafunguliwa. Shuka, foronya, vitambaa vya meza, vyote vimefungwa utepe. Bi Brinkmöller hakutazama maua wala ndege. Alichomoa foronya, akaipeleka dirishani, akaupapasa mstari mwekundu kwa ukucha.

"Msokoto wa uzi umelalia upande mwingine," akasema. "Aliyetarizi hii ni wa mkono wa kushoto."

Mate yalimkauka Bi Adelheid, ila ulimi haukukauka. "Ndiyo, ndiyo, mama! Ottilie kazaliwa hivyo. Shuleni wakamchapa mpaka akaacha, lakini akishika sindano tu, mkono unarudi kule kule."

"Vizuri. Binti, chukua sindano. Kwa kushoto."

Ottilie akaishika kama anayeshika panya mkia. Akachoma kitani, akachoma kidole, akamtazama mama yake.

"Shona, mwanangu, usione haya!"

"Nishone nini, mama? Unajua fika ni Lisbeth."

Bi Brinkmöller akaikunja foronya taratibu. "Foronya sita, za mkono wako mwenyewe. Zikiisha, niite."

Ottilie alianza majani yakipukutika. Ilipofika Pasaka alikuwa amemaliza moja, na sikio la sungura kwenye ya pili. Kijana wa kinu alikuwa ameshaoa binti wa mwoka mikate.

Bi Adelheid hakukosa la kusema. "Sisi ndio tuliomkataa," aliwatangazia watu dukani. "Vumbi la unga lile, kifua cha mwanangu kingehimili?" Watu wakampa pole, wakangoja atoke, kisha wakacheka mpaka mwenye duka akafuta machozi kwa aproni.