Asubuhi Bibi Alipokuja Kumwita Baba

Nilipokuwa mtoto pale Mbeya, miaka ya hamsini, mji ulikuwa ukijaa watu waliotoka mbali, na hadithi za mizimu zilijaa pamoja nao. Ile iliyonikosesha usingizi ilikuwa hii: mtu aliyezikwa ugenini bila kuitwa jina na mkubwa wa damu yake hutembea kwenye ukungu wa alfajiri, akigonga milango na kuuliza njia ya kwao.

Baba yangu alizikwa hivyo. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya Rungwe, na bibi, mama yake, akashindwa kufika mazikoni. Tangu hapo mlango wetu wa bati ulikuwa ukigongwa alfajiri. Mama alisema ni upepo. Nilikaza komeo kwa kitambaa. Mlango ukanyamaza, kisha ukaanza tena. Sekela, rafiki yangu wa nyumba ya jirani, hakunisaidia.

"Jana kagonga kwetu," aliniambia. "Tukamwelekeza, kwenu ni mlango unaofuata."

Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia jikoni.

Nikaitegemea Pasaka. Kanisani kwetu, alfajiri ya Pasaka, waumini huenda makaburini na tarumbeta, na mchungaji huwataja waliokufa tangu Pasaka iliyopita. Baba akitajwa, niliwaza, atakuwa ameitwa. Hakuna aliyeniambia kwamba hutajwa waliobatizwa tu, na baba alikufa akiwa bado kwenye mafundisho ya ubatizo.

Tulisimama chini ya mikaratusi, vidole vimekakamaa kwa baridi. Mchungaji akataja, akataja, akafika mwisho. Wapiga tarumbeta wakainua tarumbeta zao. Hapo Sekela akanifinya.

"Huyo anakuja," akanong'ona.

Kati ya makaburi kilikuwa kinakuja kitu kirefu cheupe, miguu haionekani. Watoto wakatawanyika, hata mpiga tarumbeta mmoja mwenye ndevu alirudi nyuma akakanyaga maua ya watu. Mimi sikukimbia. Moyo ulinidunda kwa hofu na furaha pamoja, maana nilidhani ni baba.

Alikuwa bibi. Alikuja na lori la viazi hadi Uyole, kisha akatembea gizani, amejifunika shuka jeupe kwa baridi. Hakuwa amewahi kuhudhuria ibada. Aliuliza kaburi la mwanawe, mama akamwonyesha. Mchungaji akamweleza kwa upole kwamba marehemu hakuwa amebatizwa.

"Sikuja kumbatiza, baba mchungaji," bibi alisema. "Nimekuja kumwita."

Akapiga magoti, akaita kwa sauti ile ya kumwita mtoto aje kula: "Ambakisye. Kwenu ni Rungwe. Mimi mama yako nimekufuata."

Mchungaji akawageukia wenye tarumbeta. "Pigeni," akasema. Wakapiga kwa nguvu zote, jua likichomoza, bibi akiwa bado magotini, na mimi nikirukaruka kama mwendawazimu.

Mlango haukugongwa tena. Lakini wiki ileile mama aliupigilia msumari kwenye bati lililolegea, kwa hiyo siwezi kusema kwa hakika ni nini kiliunyamazisha. Chuoni nilisoma maelezo ya imani kama hizi, na mengi naona ni sahihi. Sasa nafundisha Iringa, ugenini, mbali na watu wangu wote. Mama aliponitembelea likizo iliyopita, nilimtembeza kutoka stendi hadi mlangoni kwangu, nikamrudisha stendi, nikamwomba anionyeshe njia yeye mwenyewe. Hakuniuliza kwa nini.